Samaki hawana kibali: ugomvi wa maji kuanzia Usangu mpaka Mtera na Rufiji

Mwana wa Mtera (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila kiangazi mto Ruaha Mkuu ukikatika, lawama zinaanza kuzunguka. Wahifadhi wanamlaumu mkulima wa mpunga wa Mbarali, mkulima anamsogezea mfugaji, mfugaji anauliza tangu lini ng'ombe wakachimba mifereji, na watu wa umeme wanatusomea kina cha bwawa la Mtera kwenye taarifa ya habari. Humo mote mvuvi hayumo. Akitajwa, anatajwa kwa makosa yake: kokoro (nyavu za kukokota), nyavu za macho madogo, kuvua kwenye mazalio. Kwamba naye ni mtumiaji wa maji, na kwamba kuna maji yake yanayochukuliwa na mwingine, hilo halisemwi.

Mimi nimekulia pembezoni mwa bwawa la Mtera, kwa watu wanaosomesha watoto kwa perege na kambale, kwa hiyo msitarajie nikae katikati. Lakini sikuja kumfanya mkulima adui. Nimekuja na hoja moja: maji yetu yanagawiwa kwa kiasi, wakati samaki anaishi kwa msimu. Mkulima anapewa kibali chenye namba, lita kadhaa kwa sekunde. Hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye banio lolote, yaani ukuta wa kugeuzia maji ya mto yaingie mferejini, inayosema maji ya kwanza ya Novemba yapite kiasi gani yamfuate kambale. Kisicho kwenye karatasi hakina mtetezi siku mto unapopungua.

Kwa asiyeijua ramani. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe inashuka kutoka nyanda za juu za kusini na kuingia bonde la Usangu. Pale milima inapoishia na tambarare inapoanza ndipo zilipo skimu kubwa za umwagiliaji: Mbarali, Kapunga, Madibira, na mashamba ya wakulima wadogo pande zote. Mwaka wa mvua nzuri mpunga wa kumwagilia Usangu hufika hekta 40,000 na zaidi. Maji yanayobaki yanaingia ardhioevu ya Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, mwamba wa Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti cha ule mwamba, mto hautoki tena, hata kama ndani bado kuna maji. Ruaha unaopita Hifadhi ya Taifa unabaki mchanga na madimbwi ya viboko. Mbele zaidi unapokea Ruaha Mdogo na Kisigo, halafu unaingia bwawa la Mtera, halafu la Kidatu, mwishowe mto Rufiji na bahari.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mwaka 2001 aliyekuwa Waziri Mkuu, Frederick Sumaye, aliahidi hadharani kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utarudi kutiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Usangu na mifugo yao, na 2008 eneo lile, pamoja na Ihefu, likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe walitoka, wavuvi wa Ihefu nao wakakosa pa kutega migono, na mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliunda kikosi kazi cha kuunusuru. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema viongozi hawakujua. Walijua, na kila mara dawa ilikuwa kumtoa mtu fulani bondeni, bila kugusa namna maji yanavyogawiwa pale kwenye geti.

Sasa tuje kwenye geti lenyewe, maana siasa yote imekaa pale.

Banio la zamani lilikuwa miti, mawe, matawi na udongo. Mafuriko ya kwanza yalilibomoa, na hata likisimama lilivuja. Ule mvujo ndio uliokuwa mgao wa watu wa chini. Hakuna aliyeuandika, lakini ulikuwepo usiku na mchana. Zikaja fedha za miradi, banio likajengwa kwa zege, na mageti ya chuma yanayopandishwa kwa usukani. Kwa mkulima huo ni ukombozi, hakuna tena kukata miti kila mwaka na kuingia majini na magunia ya mchanga. Ila zege halivuji. Mwezi wa kumi, geti la mto likishushwa na geti la mfereji likapandishwa, mto mzima unageuka mfereji.

Simama chini ya banio la namna hiyo kiangazi kikiwa kimekolea. Juu ya ukuta maji yametuama mpaka ukingoni. Chini ya ukuta ni mchanga, mawe yenye ukoko wa mwani uliokauka, na dimbwi moja au mawili ambamo vitoto vya samaki vimejazana vikichungulia hewa juu. Ndege wamekaa kando wanaokota. Hatua chache kutoka pale mfereji unakwenda kasi, unasikika.

Nitaendelea. Karibuni kwanza.

Mkulima wa Ubaruku

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa utulivu, na nashukuru hujatutukana kama wengine. Lakini kuna mambo umeyaruka.

Kwanza, sisi tunalipia. Jumuiya yetu ya watumia maji inalipa ada ya maji kila mwaka, ina kibali, ina katiba, ina zamu. Mvuvi analipia leseni ya kuvua, halipii maji. Unataka tugawane meza sawa na mtu asiyechangia gharama ya meza?

Pili, kiangazi mfereji haubebi maji ya mpunga peke yake. Vijiji vingi huku havina bomba wala kisima cha uhakika. Mama akitaka maji ya kupikia na kufulia anakwenda mfereji. Ukifunga geti Septemba umemfungia yeye kabla hujanifungia mimi.

Tatu, mpunga wa mapema ndio wenye bei. Anayepanda Januari pamoja na watu wote anavuna wakati soko limejaa, dalali anampangia. Mwenye uwezo wa kuotesha kitalu Oktoba na kupandikiza Novemba anauza kabla ya msongamano. Usituone wachoyo, tuna madeni ya pembejeo na ada za shule kama ninyi.

Na la mwisho, bwawa la Mtera lilipokauka miaka ya tisini na umeme ukawa wa mgawo, tulisingiziwa sisi. Watafiti waliokuja Usangu baadaye walionyesha kwamba hata namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa, maji kuachiwa kwenda Kidatu bila hesabu nzuri, ilichangia sana. Mbona hilo huandiki?

Mwana wa Mtera (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Ubaruku, naliandika sasa hivi: ni kweli, na ni haki yenu lisemwe. Wingi wa maji yanayojaza Mtera ni ya masika, Januari mpaka Mei, na wakati huo mpunga wenu hauwezi kuyameza yote. Anayesema mkulima wa Usangu ndiye aliyezima taa za Dar es Salaam anarahisisha mambo kwa sababu mkulima hana msemaji mjini.

Lakini ona kinachofuata kutokana na hoja yako hiyohiyo. Kama maji ya masika yanatosha na kubaki, basi ugomvi wetu ni wa miezi michache tu, kuanzia Agosti au Septemba mpaka mvua zishike. Ni kiasi kidogo sana cha maji ukilinganisha na ya mwaka mzima. Na hicho kidogo ndicho kinachoamua kama samaki wataishi.

Hapa naomba nikae kidogo, maana wengi hawajui kambale anavyofanya. Kiangazi anajibana kwenye madimbwi na matope, anavumilia, kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu. Anachosubiri ni maji ya kwanza. Mto ukianza kupanda na kumwagikia nyasi za ukingoni, anatoka usiku, anaingia kwenye nyasi zilizofunikwa maji kina cha goti, na hapo ndipo anapotaga. Mayai yanashika kwenye majani, yanaanguliwa kwa siku moja au mbili, vitoto vinakulia palepale kwenye maji ya vuguvugu yenye chakula tele. Ule mpando wa kwanza usipofika kwenye nyasi, au ukifika siku mbili kisha ukavutwa, msimu wake umeharibika. Hata mkileta maji mengi Machi, hayamrudishii.

Perege naye, jike hubeba mayai mdomoni, lakini dume huchimba viota maji haba ya kando, na vitoto vikitemwa vinahitaji kina kifupi chenye majani vijifiche. Maji yakishuka ghafla, kitalu cha samaki kimekauka kama ambavyo kitalu chako cha mpunga kingekauka.

Maji ya kwanza ya Novemba na Desemba ndiyo hayohayo unayoyataka wewe kulowesha majaruba na kuotesha mapema. Tunagombea maji ya wakati mmoja, na wewe uko juu.

Kuhusu maji ya kunywa ya mfereji, umenigusa. Tazama lakini hesabu yake. Kijiji kinahitaji ndoo, na ili ndoo zile zifike, mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa unabeba mto mzima, mwingi unazama ardhini na kupotea juani. Kisima kirefu na pampu kingempa mama maji safi kuliko yale, na geti lingeweza kufungwa bila kumuumiza mtu. Hoja hii imetolewa na wataalamu tangu miaka ya 2000. Haikosi akili, inakosa fedha na msukumo, kwa sababu kisima cha kijiji kiko wizara moja, banio liko kwa wengine, na samaki wako kwingine kabisa.

Ada nayo: mvuvi analipa leseni, anakatwa ushuru mwaloni wanaposhushwa samaki, na samaki wake wanalipiwa tena njiani. Analipa sana. Hajawahi kuambiwa analipia nini.

Kambi ya Ukingoni

Kaka mleta uzi, mimi navua Mtera mpaka leo. Naongeza jambo ambalo wa juu hawalioni.

Bwawa letu ni pana ila halina kina. Kiwango cha juu ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, cha chini cha kuzalisha umeme ni 690. Mtu wa mjini akisikia maji yameshuka mita mbili anaona ni kidogo. Huku kando ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka mita mbili ukingo unakimbia mbali, unaamka mtumbwi uko kwenye tope na maji unayaona kwa mbali. Tunahamisha kambi, tunafuata maji. Ulipokuwa mwalo panalimwa mahindi na mboga, na mwenye shamba hilo ni mvuvi mwenzangu wa mwaka jana. Kwa hiyo hata hili la mkulima na mvuvi, huku kwetu ni mtu mmoja anayebadilisha jembe kwa kasia.

Kibaya zaidi ni kwamba maji yakipungua, samaki wote wanakusanyika kati. Wiki hizo tunavua sana, magari yanapanga foleni, watu wanasema bwawa limejaa samaki. Tunakuwa tunavua mbegu. Mwaka unaofuata nyavu zinatoka tupu, afisa uvuvi anakuja, anachoma nyavu zetu. Sikatai, kuna kokoro humu na zinaua. Ila hakuna aliyewahi kuja kutuuliza geti lifunguliwe lini.

Na tusimsahau mkubwa wa tatu. Mtera ina mitambo ya megawati 80, Kidatu chini yake ina 204. Umeme ukihitajika maji yanaachiwa, tunakuta yameshuka.

Binti Sheria

Habari za jioni wakubwa. Naomba kuuliza na kuchangia kwa pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 imeweka mpangilio: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili akiba ya maji kwa ajili ya mazingira, halafu ndiyo shughuli za kiuchumi kulingana na maji yaliyopo. Yaani kilimo, umeme, viwanda, vyote viko nyuma ya mazingira. Sasa samaki si sehemu ya mazingira? Kama jibu ni ndiyo, basi kwenye karatasi kambale yuko mbele ya mpunga. Tatizo liko wapi?

Mwana wa Mtera (mleta uzi)

Dada, umeuliza swali ambalo ningependa liulizwe kwenye kila kikao cha bonde.

Tatizo la kwanza ni lile la namba. Kibali kinataja kiasi maalumu. Tuseme mto una lita 2,000 kwa sekunde na vibali vya banio moja vinasema 600. Zinabaki 1,400, kila mtu ana amani. Mto ukishuka mpaka lita 600, mwenye kibali akichukua haki yake halali kabisa, hakibaki kitu. Hajavunja sheria, hajaiba. Hata pale kibali kinapotenganisha masika na kiangazi, namba iliyoandikwa haishuki siku kwa siku pamoja na mto. Kama kibali kingesema sehemu, mathalani theluthi ya maji yaliyofika kwenye banio siku hiyo, basi mto ukipungua kila mmoja angepungukiwa, na wa chini angepata hata kidogo. Banio linaweza kujengwa lijigawie lenyewe kwa upana wa mlango, bila kumtegemea mlinzi wa geti wala simu ya mkubwa. Wazee wa mifereji ya zamani waligawana hivyo, kwa zamu na kwa sehemu, na hawakuwa na kipimo cha lita.

La pili, mazingira kwenye sheria yametafsiriwa kama hifadhi na wanyamapori. Ukisema mto umekauka, picha inayooneshwa ni kiboko kwenye tope. Kiboko ana watalii na ana taasisi nzima. Mvuvi akiingia kwenye sentensi hiyohiyo anaonekana mharibifu.

La tatu ni milango. Vibali vinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, iliyoanzishwa 1993, chini ya Wizara ya Maji. Mabanio na skimu ni Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyotokana na sheria ya 2013, upande wa kilimo. Mvuvi yuko chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, wizara ya mifugo na uvuvi, na sheria hiyo inahangaika na nyavu, leseni na mialo. Afisa uvuvi anaweza kukukamata kwa ukubwa wa jicho la wavu. Hawezi kumwambia mtu wa banio afungue geti.

Mzee wa Ikwiriri

Wanangu, nawafuatilia. Mnazungumzia mto huohuo ambao sisi tunaupokea mwisho, basi nami niseme ya huku.

Rufiji maji yake mengi yanatoka Kilombero, zaidi ya nusu. Ruaha wenu unaleta sehemu ndogo, kama asilimia 15. Lakini somo ni lilelile. Sisi Wandengereko tumeishi na mafuriko. Mto ukipanda Machi mpaka Mei unaingia kwenye maziwa yetu, Mtanza, Zumbi, Ruwe, Uba na mengine, unayajaza na kuyaletea samaki. Ukishuka unaacha udongo mbichi, tunapanda mahindi na kunde bila mvua, ndiyo mlau. Maji yaliyoleta samaki ndiyo hayohayo yaliyolimia shamba. Miaka mafuriko yasipofika ziwani, ziwa linajitenga, linapungua, samaki wanakuwa wadogo mpaka utawaonea huruma. Na huko deltani, kwenye mikoko, kambamiti wanategemea maji matamu yashuke kwa wakati wake.

Sasa tuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Lilianza kujazwa Desemba 22, 2022. Umeme tunautaka, wajukuu zangu wanasomea taa. Aprili 2024 tukapata mafuriko makubwa, nyumba na mashamba yakazama Rufiji na Kibiti. Tangu hapo mtu akisema mafuriko anaonekana adui wa watu. Mimi nasema kuna mafuriko ya kuua na kuna mafuriko ya kulisha, na aliyeshika geti ndiye sasa anayeamua tupate yapi. Kabla ya bwawa tulilaumu mvua. Leo kuna ofisi yenye uwezo wa kupanga. Basi ipange na sisi tukiwemo.

Mwana wa Mtera (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako nayaweka juu kuliko yangu. Bwawa kubwa kiasi kile linaweza kufanya lisilowezekana Usangu: kuachia maji makusudi kwa wiki kadhaa, kwa kiwango kinachofika ziwani bila kufika majumbani, kwa tarehe inayotangazwa mapema watu wa mabondeni wasogee. Kwenye mto Senegal, baada ya bwawa la Manantali kukamilika 1988, waliwahi kuachia mafuriko ya kupangwa kwa ajili ya wakulima wa bondeni na wavuvi. Kulikuwa na mvutano mkali na mahitaji ya umeme, lakini jambo lenyewe liliwezekana.

Msafiri wa Vitabuni

Wakuu, mjue hatuko peke yetu. Marekani kuna mto Klamath, kati ya Oregon na California. Mwaka 2001 kulikuwa na ukame, serikali ikafunga maji ya wakulima ili kuwanusuru samaki wanaolindwa kisheria. Wakulima waliandamana, mageti yakafunguliwa kwa nguvu, ikawa habari ya nchi nzima. Mwaka uliofuata, 2002, siasa ikageuka, wakulima wakapewa maji. Septemba mwaka huohuo samoni wasiopungua 33,000 wakafa mtoni, maji yalikuwa haba na ya moto, ugonjwa ukawamaliza. Wayurok, wenyeji wa chini ya mto ambao uhai wao ni samoni, walihesabu mizoga. Ikachukua zaidi ya miaka 20 ya mikutano na kesi mpaka mabwawa manne ya umeme yakabomolewa, kazi ikakamilika 2024.

Ninachokiona pale ni kwamba kumpa mmoja yote mwaka huu na mwingine yote mwaka ujao kuliwaumiza wote wawili. Na jirani zetu Kenya wana Ziwa Turkana: maji yake karibu yote yanatoka mto Omo, Ethiopia, na bwawa la Gibe III lilianza kujazwa 2015, huku mashamba ya miwa yakifunguliwa bondeni. Mvuvi wa Turkana hana hata bodi ya bonde ya kulalamikia, aliyeshika geti yuko nchi nyingine. Sisi angalau wote tuko chini ya bendera moja.

Mkulima wa Ubaruku

Nimesoma yote. Mzee wa Ikwiriri nimemuelewa, shikamoo mzee. Mleta uzi, hiyo ya kugawana kwa sehemu siikatai, hata sisi wa mkiani mwa mfereji tunaonewa na wa kichwani hivyohivyo. Huko nyuma nimelala shambani nikisubiri zamu ya maji ambayo haikufika. Ila ukiniambia nichelewe kupanda ili kambale atage, hasara yangu ya bei ananifidia nani? Hilo lisiachwe hewani.

Mwana wa Mtera (mleta uzi)

Halitaachwa, ndugu yangu, kwa sababu mpango wowote unaomtegemea mkulima kujitolea utavunjika msimu wa kwanza.

Ninavyoona mimi, kitu cha kwanza ni visima kwa vijiji vya kando ya mifereji, vijengwe kabla ya kudai geti lolote lifungwe. Hapo ndipo fedha ya kunusuru Ruaha ingeanzia. Baada ya hapo kiangazi kiwe na ukomo unaojulikana: mabanio yafungwe kwa miezi inayokubaliwa, yote kwa pamoja, skimu kubwa zikitangulia, maana mkulima mwenye jaruba mbili hatakubali kufunga akiona shamba la mwekezaji linang'aa maji. Mpando wa kwanza wa mvua upewe siku zake za kupita, wiki mbili au zaidi kadiri wataalamu wa samaki watakavyopima, kabla geti la kwanza halijafunguliwa. Mabanio yakifungwa yote na kufunguliwa yote, hakuna anayemtangulia mwenzake sokoni, na ile faida ya mpunga wa mapema inayokufanya ukimbilie maji ya Oktoba inapungua yenyewe. Anayebaki na hasara ya kweli ni yule aliyezoea kuvuna kabla ya wote. Huyo apunguziwe ada ya maji kwa mwaka huo, na fedha hiyo itoke kwa anayenufaika zaidi na maji yanayopita, yaani umeme. Sehemu kubwa ya maji yanayozalisha umeme Mtera na Kidatu imepita kwanza kwenye mabanio yenu. Ni haki wakuchangie.

Vibali vikihuishwa, viandikwe kwa sehemu. Hili litapigwa vita kuliko yote, kwa sababu wenye namba kubwa kwenye vibali vya sasa ni wachache na wana sauti.

Kambi ya Ukingoni

Kaka, hayo ni ya ngazi za juu. Mimi nina kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi hapa mwaloni, tunafanya doria za kokoro tu. Kesho nikiamka nianzie wapi?

Mwana wa Mtera (mleta uzi)

Anzia kwenye kikundi hichohicho. Andikeni barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji mkiomba kutambuliwa kama watumia maji, kwa jina la kikundi, na muhtasari wa kikao uliosainiwa uambatane. Jumuiya za watumia maji ziko kisheria na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba mtumia maji lazima awe na jembe. Nakala ipeleke kwa afisa uvuvi wa wilaya ili asije akasema hakujua.

Wakati mnasubiri jibu, anzeni daftari. Kila siku ya doria andikeni maji yamefika wapi kwenye alama moja msiyoibadilisha, jiwe au nguzo, na samaki wa aina gani wametoka, wakubwa au wadogo, na tarehe mliyoona kambale wa kwanza mwenye mayai. Mkulima anapokwenda kikaoni ana kibali mkononi. Nanyi mwende na kitu kinachosomeka.

Maombi mapya ya vibali hutangazwa, na anayeathirika ana nafasi ya kuweka pingamizi. Mpeni mtu mmoja kazi ya kufuatilia matangazo hayo. Na wa Ubaruku, kama jumuiya yenu ina kikao kabla ya msimu wa vitalu, tungeomba watu wawili wa Mtera waalikwe wakae wasikilize. Nauli tutajichangia wenyewe.

Mkulima wa Ubaruku

Kikao kipo mwezi wa tisa. Nitaongea na mwenyekiti. Waje na hilo daftari.